Mtaa Uliomficha Kaka

Siku hizi simu ziko mifukoni, na Sauti, mstaafu mwenye mvi zake, haoni raha yoyote. Anaikumbuka ile swichibodi ya kuunganishia simu za watu, we acha tu: waya za kuchomeka, hedfoni za kubana masikio, harufu ya dawa ya sakafu, na feni iliyolalamika kuliko wafanyakazi. Jina la Sauti alilipata pale, kwa wapiga simu waliompenda bila kumwona.

Basi ikatokea nafasi chumba cha ndani, kule zinakopita simu za siri za wakubwa. Aliitaka kwa moyo wake wote. Lakini huingii kule mpaka upekuliwe wewe na ukoo wako, na fomu iliuliza kama kuna ndugu aliyefungwa. Kaka yake alikuwa gerezani kwa kuvunja duka.

"Funika kombe mwanaharamu apite," mama yake alimshauri. Tangu mwanawe afungwe, mama alikuwa hataki hata kumtaja.

"Mama, mficha uchi hazai," Sauti akajibu, akaandika ukweli wote.

Kumbe mtaa nao una akili zake. Mpekuzi alipokuja kuulizauliza, viatu vinang'aa, nani amweleze mgeni mambo ya jirani? Fundi cherehani, aliyemshonea huyohuyo kaka sare za shule, akaapa kwamba binti kazaliwa peke yake. Kinyozi vilevile. Mama ndiye akapigilia msumari: "Sina mtoto mwingine." Walimpenda Sauti, masikini, na kwa mapenzi hayohayo wakawa wanamzamisha.

Mpekuzi akawaita ofisini, mama na binti.

"Fomu inasema kaka yupo. Mtaa mzima unasema hayupo, na mama pia. Nitapitishaje jina la mtu ambaye kwao wanajua kudanganya hivi?"

Sauti akamgeukia mama yake. Mama alikuwa ameinamia mikono yake.

"Gerezani nako nilifika," mpekuzi akaendelea, taratibu sasa. "Nilimkuta. Naye akakataa katakata: hana mama, hana dada. Nadhani aliogopa kukuharibia, binti."

Mama akalia. Alilia mpaka mpekuzi akaweka kalamu chini.

"Andika, baba," akasema mwishowe. "Ndiye mwanangu wa kwanza, nimemzaa mwenyewe. Niliona aibu tu."

Kazi Sauti aliipata, akaifanya miaka na miaka, na neno halikumponyoka. Watu wakimchokoza awasimulie enzi zile, hutaka siri za wakubwa. Hizo hawapati ng'o. Yeye humkumbuka marehemu mama yake amesimama kwenye mlango wa ile ofisi, macho mekundu, akimuuliza mpekuzi njia ya kwenda gerezani ni ipi.