Mikono ya Baba Kwenye Shuka Jeupe

Mtaani walimwita Mama Sinema, ingawa hakuwa na mtoto, na sinema zake zilikuwa za dakika chache tu. Kazi yake hasa ilikuwa kushona. Alishonea katika chumba cha mbele cha nyumba ya baba yake, cherehani ikitazama dirisha na mabaki ya vitambaa yakiwa yamejazana mpaka chini ya meza. Kamera alipewa na mteja, mama mmoja wa makamo aliyekuwa anahama nchi. Mama yule alikuja kuchukua koti lake, akaacha kifuko cha ngozi juu ya cherehani.

"Ya marehemu mume wangu," alisema. "Kwangu inakula vumbi tu. Wewe mikono yako haitulii, utaijulia."

Akaijulia kweli. Ilikuwa kamera ndogo ya filamu nyembamba, upana wake kama ukucha wa kidole cha mwisho. Haikutaka betri. Ilitiwa ufunguo ubavuni kama saa ya mezani, ukibonyeza inakoroma taratibu kama paka aliyeshiba. Filamu ikijaa aliipeleka kusafishwa, kisha akangoja kwa roho juu kama anayengoja majibu ya hospitali. Ikirudi, aliikata na kuiunga pale pale alipokatia vitambaa, na kama kwenye magauni, alitaka mshono usionekane.

Baba yake alikuwa mchora ramani mstaafu. Maisha yake yote ya kazi alichora barabara na mitaro ya mji kwa kalamu ya wino, na wenzake walimtania kwamba rula ndiyo iliyojifunza kunyooka kwake. Sasa mikono ilikuwa imeanza kumsaliti. Ulianza kutetemeka wa kulia, ukafuata wa kushoto. Nyumbani hakulitaja jambo hilo kwa mtu. Mzee alijitungia mbinu zake: akisalimiana, aliushika mkono wa mgeni kwa mikono yote miwili, watu wakadhani ni heshima iliyopitiliza. Mezani alizuga na gazeti mpaka wenzake waondoke, ndipo avute kikombe chake. Binti aliyaona hayo yote, akanyamaza.

Siku moja, katika kuichokonoa kamera, akagundua kijiti kidogo pembeni. Ukikishusha, filamu inapita polepole ndani ya kamera, na ukija kuionyesha, watu wanakwenda mbio mbio kama siafu waliomwagiwa maji. Akachekelea peke yake. Akaamua kutengeneza kichekesho cha watu wa nyumbani. Alimpiga kaka yake akishuka ngazi na tumbo lake mbele. Alimpiga wifi yake akianika nguo. Alimpiga mwenye duka wa jirani akikimbizana na paka aliyeingia kwenye unga.

Na asubuhi moja, kupitia dirisha la jikoni, akamwona baba yake ameketi uani peke yake na chai. Jua lilikuwa limemlalia begani, mvuke ukipanda mbele ya mvi zake. Binti akainua kamera. Kumwuliza hakumwuliza, alijiambia kwamba mzee akijua atakakamaa kama picha ya kitambulisho. Mzee akanyanyua kikombe kwa mikono miwili. Chai ikaruka, ikamlowesha kifua. Akaangalia kulia, akaangalia kushoto, kisha akajipangusa haraka kwa mkono wa shati. Binti yake hakuondoa kidole kwenye kitufe.

Walikusanyika Jumapili mchana. Mapazia yalifungwa, shuka jeupe likabanwa ukutani kwa pini za kushonea. Alikuwepo kaka, wifi, watoto wao, na mwenye duka, ambaye hakupitwa na jambo. Mzee alikalishwa kwenye kiti cha mbele. Projekta ikaanza kutatarika.

Kaka alipoviringika ngazini, watu walishika mbavu. Paka wa dukani nusura amuue mwenye duka kwa kicheko. Kisha shuka likamleta mzee. Kwa kasi ile, mikono yake ilipapatika kama mabawa ya kuku, chai ikaruka kama chemchemi, kichwa kikageuka huku na huku kama cha mwizi sokoni. Watoto waligaagaa sakafuni.

"Babu anapiga ngoma!" alipiga kelele kaka. "Dada, hebu rudisha! Rudisha tuone!"

Akarudisha. Na katika zogo lile alisikia kicheko kimoja kikipanda juu ya vingine vyote, kikali, cha mtu aliyejawa na fahari kwa kazi yake. Kilikuwa chake mwenyewe.

Mzee naye alicheka. "Aa, mwanangu, leo umenipata," alisema. Kisha akaishusha mikono yake, akaibana katikati ya magoti, na hapo ikakaa mpaka mapazia yalipofunguliwa.

Tangu siku ile hakunywa tena chai uani. Aliichukua chumbani, akafunga mlango. Kutoka kwenye cherehani yake binti alisikia kijiko kikigongagonga kikombe, na uso ukamwaka kama aliyepigwa kofi. Alishona mkono wa kulia wa blauzi mahali pa kushoto, akaufumua, akaushona tena vilevile. Mteja akimsifia kwa sinema zake, alijifanya anatafuta uzi. Alichokumbuka si kicheko cha watoto, kwa sababu watoto ni watoto. Alikumbuka mzee akiangalia kulia na kushoto, akidhani hakuna anayemwona, naye yuko dirishani akiona.

Mwishowe alikikata kile kipande, akakitupa kwenye mkaa. Kilijikunja, kikatoa harufu mbaya, kikaisha. Akajisikia mwepesi. Akaenda kugonga mlango wa baba yake.

"Baba, naomba unisamehe. Kile kipande chako nimekichoma. Hakuna atakayekiona tena."

Mzee alikuwa ameketi ukingoni mwa kitanda.

"Umekichoma?"

"Ndiyo, Baba."

"Mimi nilikuwa nangoja uniite nikitazame tena. Peke yangu. Siku ile kelele zilizidi, sikuona vizuri." Akaitazama mikono yake. "Huku ndani nahisi tu. Nje inaonekanaje, sijui."

Binti akasogea hatua moja ndani.

"Wale kunicheka si kitu. Wajukuu hunicheka hata nikipiga chafya. Lakini wewe kunichoma... Kumbe nawe uliona afadhali nisionekane."

"Hapana, Baba, sivyo."

"Basi vipi?"

Alitoka kinyumenyume, kama alivyofanya utotoni akikosa. Alikuwa amekwenda kufuta aibu moja, akajikuta ameongeza nyingine, na hii ya pili ilikuwa chungu zaidi kwa sababu mzee alikuwa amesema kweli.

Kaka yake alipopita siku zile, alimweleza yote. Kaka akacheka kidogo, kisha akaacha.

"Kwani si kamera yako ndiyo iliyomtetemesha?"

"Kamera iliongeza mbio tu, kaka. Mikono ni yake."

"Tangu lini?"

"Muda mrefu."

Kaka akaketi juu ya rundo la vitambaa. "Na mimi nikasema anapiga ngoma," alisema, akajifunika uso kwa viganja.

Binti alimwomba baba yake ruhusa ya kumpiga upya. Mzee akasema, "Leo hapana." Hakumsumbua. Zikapita wiki. Kisha asubuhi moja mzee akatoka na shati lililopigwa pasi, akaketi uani na kikombe chake.

"Lete hicho kidubwana," alisema. "Lakini mbio mpe kaka yako, anazihitaji. Mimi nipige kwa mwendo wangu. Na nikimwaga, usiache."

Binti akakirudisha kile kijiti mahali pake, akatia ufunguo. Mzee akanywa. Akamwaga. Safari hii hakuangalia kulia wala kushoto. Alitazama moja kwa moja kwenye kamera, chai ikimchuruzika kwenye vidole. Binti machozi yalimjaa, akasahau kurekebisha lenzi, na filamu iliporudi ilikuwa na ukungu kidogo.

Jumapili walipoiona, hakuna aliyecheka.

"Mbona hivyo?" mzee aliuliza gizani. "Kuna msiba?"

Mjukuu mmoja akacheka, kisha mzee, kisha wote. Ila yule aliyesimama nyuma ya projekta hakucheka. Alikodolea macho gurudumu la filamu likizunguka.

Mzee alirudi kunywa chai uani, siku anazojisikia. Siku nyingine alifunga mlango, na binti yake alimwacha. Na tangu hapo hakumpiga mtu picha kabla ya kumwuliza, mpaka mwenye duka akachoka. "Dada, nipige tu," alimwambia, "kwani unataka kunioa?"

Watu wakamsifia ile filamu ya chai kuliko zote. Yeye aliinama kwenye cherehani, akasema ina ukungu.