Tulimwita mama msahaulifu, tukatulia

Wakuu, hamjambo.

Kuna mwenzetu aliuliza hapa maana ya "msahaulifu", mkamjibu: mtu wa kusahausahau. Sawa. Naongeza ya nyumbani kwetu, na ni ukweli mtupu. Sina hata nguvu za kutunga uongo.

Mama alikuwa anaishi Kamenu, Thika. Mimi napanga Kiuu, Ruiru.

Kwetu Wakikuyu, msichana wa pili hupewa jina la nyanya mzaa mama. Huyo ni mimi. Kwa hivyo tangu nizaliwe mama ananiita "maitu", yaani mama yangu. Akinituma dukani ni maitu, akinichapa ni maitu.

Basi akaanza kutia githeri chumvi mara mbili. Funguo anaziacha kwa mlango. Ndugu yangu akawa anacheka, "Mathe ni msahaulifu tu, wacha stress." Nikatulia, maana mimi bado ananiita maitu, hajawahi kukosea.

Jumamosi moja nikafika na mkate na maziwa. Akasimama haraka, mikono nyuma.

"Maitu, maji nimeteka. Sasa naweza enda kucheza?"

Nikacheka. Yeye hakucheka, alikuwa anangoja ruhusa.

Nikamuuliza mimi ni nani.

"Si wewe ni maitu."

Jibu lile lile la siku zote. Ungemkosoa wapi?

Nikauliza tena, "Na msichana wako wa pili ako wapi?"

Akaona haya, akaziba mdomo. "Ai maitu, nitoe mtoto wapi na bado niko mdogo?"

Wakuu, niliumia. Sijui alikuwa ananiona mama yake kwa muda gani, sisi tukidhani ananibembeleza tu.

Daktari ana jina lake la huo ugonjwa. Ndugu yangu bado anasema msahaulifu. Kwangu msahaulifu ni mtu ukimkumbusha anashtuka, "Woi, kweli!" Mama ukimkumbusha anakuangalia tu kwa adabu.

Nilimhamisha, sasa tuko naye hapa Kiuu. Jioni ananiomba ruhusa ya kulala, nampa.

Mzazi wenu akianza kusahau, msilikimbilie hilo neno mkakaa. Mpelekeni hospitali mapema. Na kwenu mnaiitaje hali hii? Niambieni, nitasoma zote.

Jana nilishindwa, nikamwambia, "Mum, nimechoka."

Akanishika mkono. "Pole maitu. Nikikua nitakusaidia."