Siku Ambazo Mashine Haikuzihesabu

Jirani yangu anaiita mume wangu. Anasema inalala mchana kutwa, na ikiamka inataka kulishwa tu. Ni kompyuta kuukuu ya mezani niliyoinunua Goma kwa mtu aliyekuwa anafunga duka lake la intaneti, nikaipandisha hadi Bihambwe nyuma ya pikipiki, imefungwa ndani ya blanketi. Haina kioo wala kibodi. Imekaa juu ya rafu sebuleni kwangu, inakula umeme wa paneli mbili za jua na betri ya lori, na kazi yake ni kuhifadhi vitu na kuvigawa kwa simu zilizo karibu: masomo ya wanafunzi wangu, nyimbo za kwaya yetu, na sauti za ndugu zetu walio mbali. Wenye kazi hiyo huiita seva. Kila kilichomo ndani yake nilikiweka mwenyewe, programu moja moja, na nilijivuna nayo kupita kiasi.

Nayasema haya mapema kwa sababu mimi ni mwalimu wa hesabu, nina hasira za karibu, na sipendi kusahihishwa. Mama yangu yuko hivyo hivyo, na mdogo wangu wa kiume yuko hivyo hivyo. Tulipokaa watatu meza moja, chakula kilipoa.

Mdogo wangu aliondoka nyumbani kwa sababu ya miti. Marehemu baba alipanda mikaratusi kwenye mpaka wa shamba letu la maharagwe, na mdogo wangu, bila kuuliza mtu, aliikata yote akachoma makaa. Mama alipokuta visiki alimwambia mbele ya majirani: "Toka hapa. Usirudi mpaka nikuite miye mwenyewe." Kesho yake alishika njia ya Walikale, akaenda kuchimba madini msituni.

Hakumpigia mama. Lakini kila alipofika sokoni, mahali pekee kwao penye mtandao, aliazima simu ya mtu na kutuma sauti kwenye sanduku la familia. Sanduku hilo nililitengeneza mimi: mtu anatuma sauti yake, na seva, ikiwa macho na ikipata mtandao, inaivuta na kuihifadhi pamoja na tarehe na saa ya kufika. Jumapili baada ya ibada mama alikuwa anakuja kwangu, anasema amekuja kuomba chumvi, anakaa karibu na rafu. Nilibonyeza, sauti ya mdogo wangu ikatoka, mama akatazama dirishani. Chumvi aliisahau kila mara.

Mashine ilikuwa na ugonjwa mmoja. Ndani ya kompyuta kuna kibetri cha mviringo, kadiri ya kifungo cha koti, kinachoiwezesha kukumbuka saa hata umeme ukikatika. Cha kwangu kilikufa. Nilitafuta kingine mpaka Karuba na Kirolirwe, nikaletewa vya saa za mkononi ambavyo havikuenea. Basi kila betri ya lori ilipoisha nguvu, seva iliamka ikidhani tuko mwaka ambao mimi nilikuwa bado sekondari. Iko programu inayouliza saa sahihi mtandaoni, lakini kwetu mtandao unakuja na kuondoka, na programu hiyo ilikuwa inakaa kuusubiri huku programu nyingine zote zikiisubiri yenyewe. Wanafunzi walisimama mlangoni na simu zao, hakuna somo lililofunguka. Siku moja nilikasirika nikaizima kabisa programu hiyo. Mahali pake niliandika programu yangu ndogo, mistari minane tu: mashine ikiwa macho iandike saa kila baada ya dakika chache, na ikiamka tena iendelee kuanzia pale ilipoishia. Ilifanya kazi mara ya kwanza, nikacheka peke yangu kwa furaha.

Kisha ulikuja msimu mrefu wa mvua. Mawingu yalikaa juu ya vilima, paneli hazikupata jua, na seva ililala siku mbili, ikaamka nusu siku, ikalala tena. Ndani ya mvua hizo mwendesha pikipiki aliyetoka Walikale na mafuta ya mawese alileta habari kwamba shimo alimokuwa anachimba mdogo wangu limeporomoka siku ya Alhamisi, na kwamba waliokuwa chini hawakutoka. Tulipiga namba ya mwisho aliyoiazima, ilikuwa imezimwa. Jumapili mchungaji aliwaombea vijana wa shimo, na mimi, kwa mazoea tu, nilirekodi ibada yote kwa simu, nikaiingiza kwenye seva mchana ule. Baada ya hapo nilikaa wiki mbili bila kuigusa. Sikuwa na moyo.

Wiki hizo mbili zilipokwisha, ukoo ulikaa kikao. Baba mdogo, ndugu wa marehemu baba, ndiye anayeongoza mambo yetu. Watu wawili walisema wamesikia kwamba kijana anayefanana na mdogo wangu ameonekana baada ya shimo kuporomoka. Wengine walisema hayo ni maneno ya njiani. Baba mdogo akanigeukia, akaniuliza mashine inasema nini. Nilifungua sanduku mbele yao kwa simu yangu. Kulikuwa na ujumbe mmoja ambao tulikuwa hatujausikia, na tarehe yake ilikuwa Jumamosi, siku tano kabla ya ile Alhamisi ya shimo. Nilibonyeza.

"Mama, ni miye," mdogo wangu alisema. "Nimechoka na huku. Uniambie: nirudi nyumbani ao nibakie? Nitafanya vile utasema. Nangojea sauti yako."

Mama aliuma ukingo wa kitenge chake. Baba mdogo aliuliza kama tarehe ile ni ya kweli. Nilijibu, kwa sauti ile ile ninayosomea matokeo ya mtihani, kwamba watu hukosea lakini mashine haina sababu ya kudanganya. Ndiyo, nilisema hivyo, na nilisema nikiwa nimesimama.

"Basi aliuliza mbele ya shimo, na nyuma ya shimo hakusema tena," baba mdogo alisema; kwetu "mbele" ni kabla, na "nyuma" ni baada. "Tumulilie mutoto wetu."

Tuliomboleza bila mwili. Tulizika koti lake jeusi la kwaya nyuma ya nyumba ya mama, mchungaji akasoma, wanawake wakaimba.

Tangu siku hiyo mama hakuja tena kuomba chumvi. Alishinda kwenye mpaka wa shamba, akipanda miche ya mikaratusi kando ya visiki vile vile, akiimwagilia hata siku ya mvua. Mara moja nilimkuta ameketi chini, anazungumza na kisiki. Nilirudi bila kumsalimu, kwa kuogopa kusikia anachosema.

Miezi minne ilipita hivyo. Jumapili moja kiongozi wa kwaya alikuja na simu yake kuchukua wimbo tuliourekodi asubuhi ile ile. Alitafuta, hakuuona. Akanitania kwamba mume wangu amezeeka. Nilitafuta mwenyewe, nikaukuta umeandikwa Jumanne ya zaidi ya wiki tatu nyuma. Kwanza nilipandwa na hasira, nikataka kumwambia yeye ndiye aliyeharibu kitu. Kisha nikaelewa, nikakaa juu ya gunia la maharagwe.

Programu yangu ya mistari minane ilikuwa inafanya hasa kile nilichoiambia. Mashine ikilala Jumatatu na kuamka Alhamisi, iliendelea kuhesabu kutoka Jumatatu. Siku zote ilizolala hazikuhesabiwa na mtu. Kila mvua iliirudisha nyuma, na mimi sikuikagua saa yake hata mara moja, kwa sababu niliitengeneza mimi.

Kiongozi wa kwaya aliniuliza kama naumwa. Nilimpa wimbo wake, nikamsindikiza, nikafunga mlango. Nyimbo za kanisa na ujumbe wa familia hukaa mahali tofauti ndani ya mashine, kwa hiyo hakuna aliyewahi kuvitazama pamoja. Tarehe zote zilikuwa za uongo, lakini kila kinachoingia hupewa pia namba ya mfululizo, na namba haijali mvua. Nilipanga kila kitu kwa namba. Nikaiona ibada ya Jumapili ile ya maombi. Niliifungua nikasikiliza nisije nikajidanganya, na mchungaji alikuwa anawaombea vijana wa shimo. Namba iliyofuata ilikuwa sauti ya mdogo wangu.

Nilitafuta kila njia ya kulikataa jambo hilo. Labda ujumbe ulikuwa umekaa mtandaoni siku nyingi, ukisubiri mashine iamke. Nilisoma kumbukumbu za mashine mstari kwa mstari: mchana ule wa maombi ilikuwa macho, ilipata mtandao, ilichungulia sandukuni na kuandika kwamba hakuna kipya. Basi mdogo wangu alituma baada ya hapo, amesimama sokoni, siku tatu au zaidi tangu shimo liporomoke. Alikuwa hai. Alikuwa anangojea mama amwambie arudi, na sisi tulikuwa tunakunja koti lake la kuzika. Kilichompata baada ya hapo sikujua, na mpaka leo sijui.

Nilikaa siku mbili bila kusema. Nilijiambia kwamba sitaki kumpa mama tumaini la bure, na hilo lilikuwa kweli. Lakini niliogopa zaidi kusema nimekosea, na hilo linaniuma kuliko kosa lenyewe. Jumanne baada ya masomo nilikwenda kwenye mpaka wa shamba, nikamkuta na bidoni ya maji.

"Mama, tarehe ile nilisoma haikuwa ya kweli," nilisema. "Kosa ni yangu. Alituma nyuma ya shimo."

Alimaliza kumwagilia mche uliokuwa mbele yake, kisha akaweka bidoni chini.

"Ndiyo kusema mutoto aliniuliza," alisema, "na miye nikamuzika."

Nilimwambia kwamba tulimzika sote, na kwamba mimi ndiye niliyesoma tarehe. Hakunisikiliza. Alisema ni yeye aliyemwambia asirudi mpaka aitwe, na kwamba anamjua mtoto wake, anaweza kuzeekea msituni akisubiri kuitwa. Akafuta mikono kwenye kitenge, akatangulia kupanda kilima kwenda nyumbani kwangu.

Safari hii hakutaja chumvi. Alikaa karibu na rafu, udongo bado uko kwenye kucha zake, nikamshikisha simu na kumwonyesha pa kusemea. Aliisogeza karibu na mdomo.

"Mutoto wangu, ni miye mama," alisema. "Nakuita. Rudi nyumbani."

Nilidhani ataongeza neno kuhusu miti. Hakuongeza. Nilituma sauti hiyo kwa kila namba ambayo mdogo wangu aliwahi kuazima, na nakala yake nikaiweka kwenye kadi ya kumbukumbu ya simu, nikampa yule mwendesha pikipiki wa mawese. Alama ya kutumwa ilitokea. Alama ya kupokelewa haikutokea siku ile wala wiki ile. Baba mdogo alikasirika, akasema nimefungua upya kilio kilichokwisha.

Niliirudisha ile programu inayouliza saa mtandaoni. Niliiandikia tu kwamba ikikosa mtandao isizuie nyingine, ziendelee na kazi zake, na yenyewe ijaribu tena baadaye. Ilinichukua chini ya nusu saa. Ningeweza kuifanya kazi hiyo siku ile ile niliyokasirika.

Sasa mama anakuja tena kila Jumapili. Kabla ya kukaa ananiuliza kama saa ya mashine iko sawa. Namwonyesha, anailinganisha na ya simu yangu, tarakimu moja moja, kwa kidole. Ndipo anauliza kama kuna kitu kimeingia. Ninapomwambia bado, anachukua simu na kusema tena maneno yale yale, nami natuma. Jumapili iliyopita, alipomaliza kumwita, hakunirudishia simu mara moja. Alimwambia kwamba miche ya mpakani imefika magotini.