Mtoto wa Ndunge

Watoto wa Gredi ya Sita katika shule moja nje kidogo ya Mutomo walikunywa maji ya silanga kila siku, na hakuna hata mmoja aliyejua nani alilichimba bwawa lile. Ndiyo sababu mwalimu wao, Kasyoki, alianza kuandika kitabu. Kilimchukua miaka sita.

Silanga lilichimbwa na wanawake, kwa majembe na karai, mwaka wa njaa ya themanini na nne. Aliyechimba kutwa nzima alipewa kilo mbili za unga wa msaada. Kasyoki aliwatafuta wazee waliobaki, akaandika majina, tarehe na kina cha shimo. Alipowasomea wanafunzi kurasa za kwanza, walisinzia.

Basi akaongeza kitu. Bibi mmoja alikuwa amemwambia kwamba mchimbaji aliyeitwa Ndunge alikuwa na mtoto mgonjwa, Mutie, na kwamba yeye bibi alidhani walimpeleka hospitali. Kutokana na hayo machache Kasyoki aliumba tukio zima: Ndunge anatupa jembe, anamfunga Mutie mgongoni, anakimbia kilomita kumi kwenye jua kali huku akimwambia, "Usilale, mwanangu, tumekaribia." Mtoto anapona. Darasa lilitulia tuli, kisha likamwomba asome tena. Ni Mulki tu, binti wa wauza mifugo, aliyeinua mkono. Aliuliza mwalimu aliyajuaje maneno ya Ndunge, ilhali njiani walikuwa wawili tu.

"Niliambiwa," Kasyoki akajibu.

Ulikuwa uongo, na ulimtoka kirahisi.

Mhariri wa Nairobi aliipenda sura hiyo kuliko zote, na kitabu kikapangiwa kutoka Januari. Siku ya wazazi watoto waliigiza zile mbio za Ndunge, watu wakapiga makofi. Walipotawanyika, mwanamke wa makamo akabaki kwenye benchi. Alikuwa Nduku, binti ya Ndunge. Miaka ya nyuma Kasyoki aliambiwa familia hiyo ilihamia Mtito Andei, naye hakuulizia tena. Kumbe Nduku alisharudi, na alikuwa akiuza mbuzi pale pale sokoni Mutomo.

"Mwalimu, mama hakumpeleka Mutie popote," alisema.

Akamweleza polepole. Siku ile alikuwa na miaka minane. Alikaa kwenye kivuli cha kichaka akimpakata ndugu yake, mama yao akichimba. Mara mbili mama alikuja, akamshika mtoto paji la uso, akarudi shimoni, kwa kuwa aliyeondoka kabla ya jioni hakupewa unga, na nyumbani kulikuwa na watoto wengine watatu. Mutie alikata roho mikononi mwa dada yake kabla foleni ya unga haijaanza.

"Mama aliishi miaka thelathini bila kulitaja jina lake. Sasa anapigiwa makofi kwa kitu ambacho hakukifanya. Andika kilichotokea, ama umtoe kabisa."

Kasyoki alimpigia simu mhariri. Mhariri alimsikiliza kwa upole, kisha akasema ukweli huo ni mzito mno kwa watoto wa umri ule, kwamba sura ibaki ilivyo, hakuna atakayeuliza. Kasyoki aliomba mwezi mmoja. Akapewa wiki.

Wiki hiyo hakula vizuri hata siku moja. Kumwondoa Ndunge kulibakisha orodha ya majina. Kumwandika kulimaanisha kuwaketisha watoto wa miaka kumi na mmoja mbele ya mtoto anayekufa. Aliandika, akachana, akaandika tena, na kila alipomtia Ndunge neno mdomoni aliona mkono wake ukidanganya. Mwishowe alimwendea Nduku kumuuliza mama alisema nini. Nduku akasema mama hakusema kitu. Hivyo ndivyo Kasyoki alivyoandika.

Mhariri alipoisoma sura hiyo, alikiondoa kitabu kwenye ratiba. Kasyoki alilia katika ofisi ya walimu, kichwa juu ya madaftari ya Hisabati.

Nduku alipokubali isomwe, Kasyoki aliisoma sura mpya darasani. Kwanza aliwaambia kwamba aliwadanganya. Kisha akawaambia nani alimweleza nini, na yapi asiyoyajua. Hakuna aliyesinzia. Lakini sasa hawakumwamini katika mengine pia; waliuliza kuhusu kila jina na kila tarehe, naye alijibu akihisi miaka sita inabomoka mbele yake. Karibu na kengele, Kavata, mwanafunzi ambaye huongea mara chache, akauliza, "Ule unga, waliupika?"

Kasyoki hakujua. Siku ya soko alimkuta Nduku ameshika kamba ya beberu, akamuuliza. Nduku aliizungusha kamba mkononi.

"Tuliupika jioni hiyo hiyo," alisema. "Tulikuwa na njaa."

Kasyoki aliandika maneno hayo akiwa amesimama. Nduku akauliza kitabu kitatoka lini. Kasyoki akamwambia amekipeleka kwa wachapishaji watatu wengine na hakuna anayekitaka. Nduku akaitikia kwa kichwa, akamgeukia mnunuzi aliyekuwa akingoja.