Cheti Kilichosema Naona

Niliondoka Shinyanga kwa sababu mimi nilikuwa na cheti na mwenzangu hakuwa nacho. Ilikuwa mwanzoni mwa miaka ya themanini, dizeli ikipatikana kwa kubahatisha, na amri ilikuwa imetoka kwamba kila dereva wa lori kubwa awe na cheti cha afya, tena njiani watakuwepo watu wa kuangalia nani amechoka na kumlazimisha alale. Dereva aliyepangiwa safari ya machimbo ya dhahabu ya Rwamgasa alizuiwa kwa kukosa karatasi hiyo. Tajiri wetu akaja kwangu jioni ile ile. Nilikuwa ndiyo kwanza nimerudi kutoka Mwakitolyo, vumbi halijanitoka masikioni.

"Hamisi, wewe una cheti," alisema. "Kesho alfajiri uondoke."

Sikumwambia kwamba nimechoka. Wala sikumwambia jinsi nilivyokipata cheti chenyewe. Karani aliniuliza umri, akaniuliza kama naumwa, nikasema siumwi, akagonga muhuri. Hakuna aliyenitazama machoni. Na jicho langu la kushoto lilikuwa na ukungu karibu mwaka mzima.

Mke wangu alijua. Aliponiwekea chai alfajiri ile, nilipapasa nikakosa mkono wa kikombe.

"Baba Mwajuma," aliniambia polepole, "barabarani nako unapapasa hivyo hivyo?"

Nilikunywa chai nikaondoka.

Saa kumi na moja tulikuwa njiani. Nilikuwa na Masanja, dereva wa pili, naye mwenye cheti, mtu wa Ibadakuli, mpole wa maneno, ambaye tulipokezana naye usukani kwa miaka minne. Nyuma tulipakia chumvi, unga wa mahindi na mabati. Tulipita Tinde jua likichomoza. Masanja aliniomba usukani mara mbili nikakataa. Dereva mwenye wasiwasi hapendi kukaa upande wa abiria. Anaona kama gari linakwenda bila yeye.

Kahama tulifika saa nne kasoro. Kwenye mgahawa wa karibu na stendi tulikuta madereva watano wakizungumza habari ile ile. Mmoja alikuwa amezuiwa siku nzima kwa kuambiwa mapigo ya moyo wake yanakwenda mbio.

"Yaache kwenda mbio vipi?" alisema. "Askari kanishikia leseni, tajiri ananisubiri na mzigo, halafu mtu ananishika mkono ananiambia nitulie."

Mwingine akauliza, "Wakikulaza njiani, mzigo ukichelewa, nani anafukuzwa kazi? Yule aliyekulaza?"

Jibu sote tulilijua. Mzee mmoja wa Tabora, dereva wa siku nyingi, alitugawia buni za Bukoba za kutafuna ili macho yakae wazi. Kisha akatusomea kwa kichwa herufi za ubao wanaotumia kupimia macho, mstari hadi mstari, kama mtu anayesoma dua. Nilimwomba arudie. Masanja alinitazama, akaendelea kuvunja andazi lake.

Kutoka Kahama barabara iligeuka udongo mwekundu wenye mashimo. Nilikuwa nikirudia zile herufi kimoyomoyo. Kila kichaka cha mbele nilikiona askari. Nilikimbiza gari bila sababu, halafu nikapunguza bila sababu.

Yapata saa saba mchana, Masanja alipiga ukelele, "Kushoto!"

Nilikata usukani kulia kabla sijajua nakwepa nini. Lori liliyumba, mabati yakagongana nyuma, tukasimama tumelalia ukingo wa pili. Niliposhuka nilimkuta mzee mmoja amesimama majanini, ameshika baiskeli yenye gunia la mkaa. Ubavu wa lori ulikuwa umelichana gunia, mkaa umemwagika barabarani. Yeye hakuguswa. Nilimwamkia shikamoo, nikamwomba radhi. Alinijibu marahaba, kisha akasema maneno ya Kisukuma ambayo sikuyashika.

"Anasema alikuwa anakuona tangu mbali," Masanja alinitafsiria. "Alidhani na wewe unamwona."

Tuliokota mkaa wake sote watatu. Tuliporudi garini Masanja aliniuliza, "Hukumwona, ndugu yangu?"

"Nilimwona. Gari lilivutwa na shimo."

Hapakuwa na shimo pale. Alijua, nami nilijua kwamba anajua.

Saa tisa, kabla ya njia panda ya kuingia Rwamgasa, tulikuta gogo limelazwa barabarani. Palikuwa na askari wawili, meza, na mama mmoja wa makamo aliyevaa koti jeupe, mganga msaidizi wa zahanati ya jirani. Moyo wangu ulianza kudunda kama wa yule dereva wa Kahama.

Mama yule alikisoma cheti changu taratibu. "Hapa pameandikwa urefu wako futi sita," alisema, akaniinulia macho. Mimi ni mfupi. Kofia yangu haifiki kwenye kitasa cha mlango wa lori. Askari mmoja aligeuza uso akacheka.

"Baba, mara ya mwisho ulilala lini?"

"Jana, daktari. Nimelala vizuri."

Alinishika mkono, akahesabu mapigo. Kisha akatundika ubao wake mtini. Haukuwa na zile herufi. Ulikuwa na alama moja tu, kama kitana chenye meno matatu, imegeuzwa huku na huku, nami natakiwa kuonyesha kwa mkono meno yanaelekea wapi. Dua yote ya mzee wa Tabora ilipotea. Kwa jicho la kulia nilionyesha sawasawa. Alipotaka la kushoto nililiziba la kulia kwa vidole, nikaacha upenyo. Akaja mwenyewe akaliziba kwa kipande cha boksi.

Niliona weupe tu, kama mtu aliyefunikwa shuka.

Nilinyoosha mkono juu. Nikanyoosha chini. Nilikuwa nabahatisha tu.

"Huyu ni mwenzako," mama alimwambia Masanja. "Njiani ameendesha vipi?"

Masanja aliinamisha kichwa. "Mchana huu tumekaribia kuua mtu," alisema. "Hakumwona. Nisamehe, Hamisi."

Nilitaka kumpiga, nasema kweli. Askari aliuliza kama cheti ni cha kughushi. Nikamwambia muhuri ni halali. Yaliyo juu yake ndiyo ya uongo. Mama yule aliniandikia barua ya kwenda hospitali ya mkoa. "Ni mtoto wa jicho," alisema. "Linatibika. Lakini leo huendeshi." Akaagiza Masanja naye alale kwa muda wa saa mbili ndipo ashike usukani. Alilala chini ya lori papo hapo, akakoroma. Mimi nilizunguka lile lori mpaka askari akaniomba nikae.

Jua lilipokuwa linazama tulifika Rwamgasa. Mahema ya turubai na vibanda vya nyasi vilitapakaa kati ya mashimo, na wachimbaji walikuwa wakipanda kwa kamba, weupe kwa vumbi la mawe. Mama Kulwa, mwenye duka aliyepokea mzigo, alitupa ugali na mlenda. Masanja alimweleza kwa nini tumechelewa.

"Huku hakuna anayempima mtu kabla ya kushuka," alisema, akielekeza mkono kwenye mashimo. "Mume wangu alishuka na kifua chake kibovu, hakuna aliyemuuliza, hakupanda tena. Nyinyi mnaulizwa, mnakasirika."

Nilikula kichwa chini.

Kesho yake tulirudi Shinyanga, Masanja akiendesha, nami upande wa abiria nikikanyaga breki isiyokuwepo kila tulipopita mtu. Tulisimama Isaka. Pale nilimnunulia chungwa nikalimenya, nikampa nusu. Alilipokea, nasi tukaendelea na safari.

Tajiri alinisikiliza akiwa amesimama mlangoni mwa ghala. "Barua hiyo iache," alisema. "Nenda kwa yule karani wako akugongee nyingine. Jumatatu kuna mzigo."

Ningeweza kwenda. Pale Kahama, nikitafuna buni, ningekwenda bila kufikiri. Nilimwambia siendi, kwa sababu jicho la kushoto halioni, na halijaona karibu mwaka.

"Mwaka mzima! Kwa nini hukuniambia?"

"Hukuniuliza," nilimjibu. "Na mimi niliomba Mungu usiniulize."

Alinihamishia ghalani kwa mshahara mdogo. Nilipasuliwa jicho baada ya miezi saba, nikarudi barabarani. Mpaka leo naamini wenzangu wa Kahama walikuwa na haki ya kulalamika: anayelazwa njiani asiadhibiwe kwa kuchelewa, na anayepimwa apimwe kweli. Lakini siku zile zote nilizokuwa nikiogopa kizuizi, mtu wa kuogopwa alikuwa ndiye aliyeshika usukani.