Mdomo Ulioungua Siku ya Serenadi

Saa tatu asubuhi, Mama Tanuri anavuta trei ya mwisho ya mikate. Anamega kipande na kukitia mdomoni kabla hakijapoa, kama alivyozoea. Papo hapo anakitema.

"Nimejimaliza," anasema, kidole kwenye mdomo wa chini.

Mwoka mikate mwingine angepaka asali akaendelea na kazi. Lakini jioni hii Mama Tanuri ndiye mpuliza klarineti ya kwanza, ile inayobeba noti za juu, katika tamasha la okestra ya mji, na mpuliza klarineti huegemeza chombo chake kwenye mdomo huohuo.

Tena watapiga serenadi, muziki mwanana wa jioni, kwa vyombo vya kupuliza peke yake.

"Siku zote fidla hutufunika kama blanketi," anasema. "Leo tunalala bila blanketi."

Alianza kupuliza akiwa mjane, mama wa watoto wawili. Alikuwa akipeleka mikate kwenye ukumbi wa mazoezi, akawa hataki kuondoka. Wifi yake, anayemuuzia mikate dukani, hajaacha kumchokoza.

"Watu wazima hutafuta kiwanja, wifi. Wewe ukatafuta filimbi."

"Kiwanja chako kinaimba?"

Leo, kwa mara ya kwanza, wifi huyo amekubali kuja kusikiliza.

Mazoezi ya mchana yalikuwa mateso. Kila noti ya juu ilikwaruza kama sufuria inayosuguliwa. Kiongozi wa okestra alimwachia mwenyewe uamuzi. Mama Tanuri alivumilia kidogo, kisha akasukuma karatasi zake za muziki kwa jirani yake, fundi viatu anayepuliza klarineti ya pili.

"Chukua ya kwanza. Noti za chini mdomo wangu utazimudu."

"Dada, usinitanie."

"Nikikutania nitacheka, na kucheka kunaniuma."

Jioni, fundi viatu aliupandisha wimbo juu, naye Mama Tanuri akaushikilia kutoka chini. Ukumbi mzima ulisimama kuwapigia makofi.

Mlangoni wifi alikuwa akimsubiri.

"Ile sauti ya chini ilikuwa yako?"

"Yangu."

"Ilipokaa kimya kidogo, nilihisi ngazi imekosa kidato."

Mama Tanuri alimshika mkono.

Mwezi ujao serenadi hiyo itarudiwa katika ua wa hospitali, na nafasi ya klarineti ya kwanza inamngoja. Wifi ameshaomba kiti cha mbele.

"Nitaipuliza mpaka wagonjwa wakatae kuruhusiwa kwenda nyumbani," anasema Mama Tanuri, akifuta klarineti kwa kitambaa. "Na asubuhi ya siku hiyo, naonja mkate wa jana."