Uso katika Nywele za Malkia

Kuldip alizaliwa Nakuru, akazeekea Wembley, na uzee wake wote ameumalizia kwenye karatasi. Duka lake la noti za zamani limebanwa kati ya muuza sari na kinyozi. Nje watu wanawahi treni. Ndani, mzee hushika noti kwa kingo tu, akipumua polepole kama aliyeshika ndege hai.

Asubuhi hiyo Bridget, Mkenya anayehudumia wazee majumbani mwao, aliweka Biblia kuukuu juu ya kaunta. Ndani yake mlikuwa na dola moja ya Kanada, ya kijani, ya mwaka 1954.

"Ni ya marehemu baba. Alisoma huko. Iko na bei, Mzee?"

Kuldip akaiinamia. Haikuwa na mkunjo, pembe zake kali. Mbele ya namba palikuwa na nyota ndogo, alama ya noti iliyochapwa kuziba pengo la iliyoharibika. Akahamisha lenzi hadi picha ya Malkia, kwenye nywele nyuma ya sikio. 

"Mama wee! Umeniletea Shetani!"

Ndivyo wauza noti za zamani wanavyoiita noti ya aina hiyo, tena kwa mapenzi. Bridget hakulijua hilo. Alirudi nyuma hadi mgongo ukagonga mlango.

"Shetani ashindwe! Kwa Biblia ya baba? Mzee wa kanisa? Lete hiyo kitu niichome!"

Kuldip alitamani kuimeza kauli yake. Maishani mwake hakuwahi kushika noti ya Shetani yenye nyota. Lakini mbele yake alisimama mtoto aliyeambiwa vibaya kuhusu babake. Akamsogezea kiti na lenzi.

"Tazama mwenyewe, dada. Kisha kiberiti nitakupa mimi, haki ya Mungu."

Kwanza Bridget aliona mistari tu, myembamba kuliko unywele, ambayo mkono wa mtu uliichonga kwenye chuma mmoja mmoja. Kisha mwanga na kivuli vikajipanga. Jicho. Pua. Mdomo unaocheka.

"Yesu! Nani alimweka?"

"Hakuna. Fundi alichonga nywele. Watu wakaona sura, wakalalamika, noti za baadaye zikatiwa giza hapo."

Bridget hakuinua kichwa. Chai ya Kuldip ilipoa.

"Mtu anachonga nywele," akanong'ona, "uso unakuja wenyewe."

"Wenyewe."

"Na baba na ile miwani yake! Hakumwona hata siku moja." Akacheka, akapangusa macho. "Bei?"

"Tiketi ya Nairobi, kwenda na kurudi."

"Siuzi. Lakini ikae hapa kwako. Dada yangu Maureen akisikia inaitwaje, ataichoma pamoja na wewe. Jumamosi nitakuja kuuona huo uso tena."

Alipotoka, Kuldip hakuifungia noti kabatini. Aliinama tena juu ya lenzi, na kwa mara ya kwanza hakutafuta nyota wala mkunjo. Alitazama tu.